Kutua Malindi na gari la kulala: namna ya kuona jamaa wote na bado ukatembea

Shangazi yangu wa Shela, pale Malindi, huamka kabla ya adhana ya alfajiri, na jua likichomoza habari za mtaa mzima zimeshamfikia. Mara ya kwanza nilipokwenda pwani na gari la kulala nilifika magharibi, nimechoka, nikaona nisimsumbue usiku. Nikalala garini kando ya bahari, nia yangu nimpigie hodi asubuhi nikiwa nimeoga. Saa moja na robo simu ikalia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Gari lako limeonekana ufuoni tangu jana. Nyumbani kwangu kuna nini hata ukalale na upepo?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo nikilikumbuka swali lile moyo huniuma. Ndiyo maana nauandika mwongozo huu. Nauandikia mtu mwenye vani aliyoitia kitanda na jiko, mwenye jamaa waliotawanyika kuanzia Gede hadi Marafa, na mwenye hamu ya kutembea kwa miguu msituni, magofuni na ufuoni. Malindi mambo hayo yanaingiana vizuri kuliko mahali pengine popote ninapopajua pwani. Ukienda Lamu gari linaishia Mokowe. Kutoka hapo ni boti, punda na miguu, na kitanda chako kinabaki bara. Malindi gari linafika hadi chini ya mti wa bibi.

Hatua ya kwanza: andika watu kabla ya kuandika mahali

Chukua karatasi. Andika kila nyumba ambayo ni lazima uikanyage, siyo unazotamani tu. Mbele ya kila nyumba andika iko upande gani, kisha utafute matembezi ya siku moja yaliyo karibu nayo. Karatasi yangu huwa hivi: shangazi yuko mjini, basi siku yake ni ufuo na mji wa kale. Ami yuko Gede, kwa hiyo magofu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Binamu yuko Mida, kwake ni mikoko. Mjomba yuko Marafa, kwake ni korongo la Nyari. Nyumba moja, njia moja. Ukipanga hivi hutajikuta ukiendesha kutoka Watamu hadi Mambrui na kurudi siku hiyohiyo, mafuta yanaisha na hakuna uliyekaa naye.

Mji uko katikati. Maliza upande mmoja wote, kusini au kaskazini, ndipo uende mwingine. Nyumba nne zinahitaji usiku sita. Ukiwa na usiku tatu punguza nyumba, usipunguze muda wa kukaa. Mtu uliyemtembelea nusu saa huku ukitazama simu ni afadhali ungempigia tu.

Anayeamkiwa kwanza ni mkubwa. Ukitokea Mombasa utaipita Gede kabla ya kufika mjini, na ami ataliona gari au ataambiwa. Mpigie mapema: "Ami, leo napita kumwamkia shangazi, Jumatano niko kwako siku nzima." Aliyearifiwa hakasiriki. Anayekasirika ni aliyesikia kwa watu.

Jambo moja ambalo waliokulia bara hawalijui: saa unayoitaja kwenye simu ndiyo oda ya chakula. Ukisema "nitakuja adhuhuri", umeagiza wali, samaki na kachumbari, na mtu atakwenda sokoni asubuhi kwa ajili yako. Ukisema "nitakuja baada ya alasiri", umeagiza chai, mahamri au viazi karai. Ukisema "jioni" bila maelezo, watapika na watangoja. Basi chagua neno lako kwa makini, na ulilolitaja ulitimize.

Hatua ya pili: chagua msimu

Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ni kukavu na joto ni kali, Machi hasa. Kusi ikitulia, Julai hadi Septemba, hewa ni ya baridi kidogo na kulala garini ni raha. Aprili hadi Juni ni mvua kubwa. Udongo mwekundu wa njia za ndani unageuka utelezi, na gari refu lenye magurudumu ya nyuma tu yanayovuta litakwama. Anayependa ndege aje kati ya Oktoba na Aprili, maana ndipo wageni kutoka Ulaya na Asia wanapokuwa kwenye hori la Mida na mdomo wa mto Sabaki.

Tazama pia kalenda ya Kiislamu. Ramadhani si wakati wa kuzurura mchana na chupa ya maji mkononi mbele ya waliofunga, lakini kwa jamaa ni mwezi mtamu: ukialikwa kufuturu, umekubaliwa nyumbani kabisa.

Hatua ya tatu: tayarisha gari kwa chumvi, mchanga na joto

Sina haja ya kukufundisha kutengeneza kitanda. Nitataja yanayosahauliwa.

Kama uling'oa viti na kubadili bodi, hakikisha mabadiliko yamepitia ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na yameingizwa kwenye logibuku, na bima inajua. Barabara ya Mombasa hadi Malindi haikosi vizuizi vya polisi, na gari lisilofanana na hati zake litakula asubuhi yako.

Hewa ndiyo kitu cha kwanza. Dirisha la kila upande liwe na wavu wa mbu unaokaza, na juu ya kitanda chandarua kilichotiwa dawa, maana malaria ipo. Ukiegesha, ujue upepo unatoka wapi: wakati wa kusi unavuma kutoka kusini, wakati wa kaskazi kutoka kaskazini mashariki. Elekeza mlango wa ubavuni upande huo. Kwa kugeuza gari tu, bila feni wala umeme, utalala kama mtu aliye barazani.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 ufungwe kwa mkanda usimame wima, na ufunge vali kila unapomaliza kupika. Jiko la makaa lisiingie garini hata mvua inyeshe vipi. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu, na mtu hulala asiamke. Jiko la nje nalo liwe mbali na paa la makuti. Cheche moja kwenye upepo wa kusi inachoma nyumba hiyo na ya jirani.

Beba koleo, mbao mbili nene za kuweka chini ya magurudumu, pampu ya upepo na kamba ya kuvutia. Kwenye mchanga punguza upepo wa magurudumu kabla hujakwama, si baada yake. Maji beba madumu manne ya lita 20. Visima vingi karibu na bahari vina maji ya chumvi: yanafaa kuoshea vyombo, hayafai chai.

Halafu acha nafasi tupu. Sababu yake utaiona mwisho.

Hatua ya nne: njia ya kufika

Kutoka Mombasa ni kama kilomita 120 za lami, Kilifi ikiwa katikati. Sehemu ya Mtwapa hadi Kilifi imekuwa katika kazi ya kupanuliwa, na foleni yake inachosha. Anayetoka Nairobi si lazima aingie Mombasa: Mariakani unakata kushoto, unapita Kaloleni, unatokea Mavueni karibu na Kilifi. Njia ni nyembamba, ina kona na watoto wa shule, iendeshe mchana na polepole. Minazi ya Kaloleni peke yake inatosha kuwa sababu ya kupita huko.

Ile njia ya Tsavo Mashariki, kutokea lango la Sala, inavutia kwenye ramani. Unalipia hifadhi, na mvua ikinyesha gari zito halina lake. Mimi naiacha.

Kilifi nunua mafuta, matunda na maji, unywe dafu, upumzike. Lengo ni kuingia Malindi kabla ya magharibi, kuna mwanga wa kuona matawi na nyaya.

Hatua ya tano: usiku wa kwanza na adabu ya kuegesha

Usiku wa kwanza ni kwa mkubwa wa jamaa, garini au ndani, lakini uwanjani kwake. Hilo halina mjadala kwangu tena. Shuka, piga hodi, amkia, kaa, kunywa ulichopewa. Habari ya gari itakuja yenyewe. Atakwambia kitanda kipo. Usikatae kwa haraka kana kwamba nyumba yake haikutoshi. Sema: "Shangazi, mimi naamka saa kumi na moja kwenda kutembea, nisije nikawaamsha watoto. Nitalala hapo nje, chai nitakunywa kwako." Ukiitaja chai, umelitoa jambo katika kukataa.

Sasa mahali pa kuegesha. Usikae chini ya mnazi. Ilinipata mwaka mmoja: saa nane usiku, upepo kidogo tu, nazi ikatoka juu ikapasua kioo cha mbele toka kona hadi kona, na mto wangu ulikuwa hatua moja kutoka pale. Hata mnazi uliokwisha kuanguliwa hudondosha makuti makavu yenye uzito wa kutosha kumuumiza mtoto. Mkwaju au mwarobaini ni kivuli salama. Mwembe ni mzuri nje ya msimu wa maembe.

Usizibe baraza. Baraza ndiyo sebule ya wanaume na mahali pa wazee kuona watu wanaopita, na gari refu likisimama mbele yake umewafungia dunia. Usiegeshe pia mahali ambapo dirisha lako linatazama ua wa ndani au bafu la wanawake. Uliza: "Niliweke wapi lisiwazuie?" Watakuonyesha.

Katika maboma ya Wagiriama kuna makaburi nyumbani, na penginepo vigango, zile nguzo za mbao zilizochongwa za kuwakumbuka wazee. Havisogezwi, haviegemewi, havipigwi picha bila mwenyewe kuruhusu. Vigango vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo, kwa hiyo mtu akikuona unavizungukia na kamera ana haki ya kuingiwa na wasiwasi. Kabla ya kurudisha gari nyuma, shuka uikague njia kwa miguu.

Umeme. Nyumba nyingi zinatumia tokeni. Ukivuta waya hadi kwenye friji yako, unakula pesa za mwenyeji kimya kimya, na mwenyeji wa pwani hatakwambia. Omba namba ya mita ya kununulia tokeni, nunua za siku zako zote na zaidi, mtumie mtu wa nyumbani tarakimu aingize. Fanya hivyo kabla ya kuchomeka. Na soketi ikiwa imelegea au haina waya wa ardhi, iache, tumia betri yako. Ni bora friji ipoe nusu kuliko mtoto apigwe na bodi ya gari lenye umeme. Maji nayo, kama yananunuliwa kwa mkokoteni, mwite mwenye mkokoteni ujaze madumu yao pamoja na yako.

Uchafu wa choo chako cha gari usiumwage kwenye shimo la mwenyeji bila idhini, hasa ukitumia dawa. Mimi nyumbani kwa jamaa natumia choo chao, changu kinabaki kimefungwa.

Watoto watalizunguka gari. Lifungue. Waonyeshe kitanda, taa, sinki, waache wapande zamu kwa zamu. Baada ya hapo watakulindia kuliko kufuli.

Usiku ambao hulali kwa jamaa, msitu wa Arabuko-Sokoke una sehemu za kupiga kambi karibu na kituo cha Gede. Ufuoni peke yako, usiku, usilale.

Hatua ya sita: ifuate saa ya pwani

Hapa ndipo mpango wote unaposimama. Saa ambazo jua halitembeleki, saa tano hadi saa tisa mchana, ndizo hizohizo watu hawatembelewi: wamekula, wamejinyoosha, milango imerudishwa. Basi alfajiri ni ya njia, alasiri ni ya jamaa.

Amka saa kumi na moja. Jua linachomoza kama saa kumi na mbili na robo. Wakati huo uwe umeshafika mwanzo wa njia. Tembea hadi saa tatu na nusu. Rudi, oga, kula, lala kivulini. Baada ya swala ya alasiri vaa nguo safi uende kwa watu. Nguo za kutembelea msituni hazivaliwi kwenye kupiga hodi: mwanamke awe na leso ya pili mkobani, mwanamume suruali ndefu. Adhana ya magharibi ikuite ukiwa umeketi kwa mtu au umerudi, si njiani.

Ijumaa adhuhuri usimtembelee mtu wala usizibe njia karibu na msikiti. Ni siku nzuri ya kutembea asubuhi, kusali, kisha kukaa na jamaa hadi usiku.

Hatua ya saba: matembezi yenyewe

Mjini na ufuoni. Siku hii ni ya wazee na watoto, kwa hiyo wachukue. Anzieni nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika Malindi mwaka 1498 na kupata hapa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Njooni kwa miguu hadi kanisa dogo la Wareno, ambapo mmisionari Francis Xavier alipita mwaka 1542, kisha makaburi ya mnara kando ya msikiti wa Juma. Wasimulie watoto habari ya twiga aliyetoka Malindi akafika kwa mfalme wa China mwaka 1415. Watauliza alisafiri vipi kwenye jahazi, na mjadala utawafikisha nyumbani. Shangazi atakuonyesha nyumba ya nani ilikuwa wapi. Usimkatize. Hakuna kibao chenye habari zile.

Ufuo unatembelewa maji yakipwa. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kupwa kwa asubuhi huwa karibu na saa nne, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Mvuvi yeyote atakuhesabia. Hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotangazwa pamoja na ya Watamu mwaka 1968, inalipiwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, kwa hiyo uwe na chaji na bando. Pesa taslimu langoni haitakusaidia.

Gede. Kilomita 16 kusini mwa mji. Ingia mapema kabla ya mabasi ya shule. Ni mji wa Waswahili wa kale, kuta za matumbawe ndani ya msitu, msikiti mkuu, jumba la kifalme, visima virefu, na kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Wachimbuaji walikuta humo vyombo vya China, shanga za Venice, taa ya India na mkasi wa Uhispania. Julai 2024 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Nenda na ami. Wangu alikaa juu ya ukuta wa kizingiti, akapitisha kiganja juu ya plasta ya chokaa na kusema, "Hii ndiyo ileile babu yako aliyokuwa akichoma." Nikaigusa na mimi: baridi, laini kama yai, na ndani yake punje za gamba. Ukitoka pitia mradi wa Kipepeo palepale langoni, ambapo tangu 1993 wakulima wa kandokando ya msitu hulea viwavi vya vipepeo hadi viwe pupa na kuwauza. Watoto hawataki kutoka.

Arabuko-Sokoke. Haya ndiyo matembezi ninayoyapenda kuliko yote, na ndiyo yanayohitaji nidhamu. Ni kipande kikubwa kuliko vyote cha msitu mkavu wa pwani kilichobaki Afrika Mashariki, kama kilomita 420 za mraba, na lango la kituo cha Gede liko barabarani kabisa. Kuna ndovu ndani, kwa hiyo chukua mwelekezi. Usiingie peke yako eti njia inaonekana. Mweleze unachotaka mapema, jana yake, kwa sababu anayetafuta bundi mdogo wa Sokoke anaanza giza bado liko.

Vaa suruali ndefu uziingize kwenye soksi, kuna kupe. Maji lita mbili kwa mtu. Tembea polepole, na kila baada ya dakika kumi simama kabisa. Ukisimama ndipo utasikia: majani makavu yanapigwa kwa haraka, tap-tap-tap, kisha kimya. Ni sange, mnyama wa ukubwa wa sungura mdogo, pua ndefu inayochezacheza, mwili wa rangi ya damu ya mzee na nyuma manjano kama ya dhahabu. Sange huyu mwenye makalio ya dhahabu makao yake makuu duniani ni msitu huu. Atachakura majani na pua, atakuona, ataruka na kutoweka; lile doa la manjano ndilo la mwisho kulipoteza. Njia ya miti ya mrihi, upande wa mchanga mweupe, ni nyepesi zaidi na ina ndege wengi. Saa tatu mkiwa mmerudi, ami ana chai.

Mida. Hapa kila kitu ni maji. Daraja la kamba lililojengwa katikati ya mikoko linakupeleka hadi ukingo wa hori, na wenyeji hukuongoza. Uwahi wakati maji yanaanza kujaa: ndege waliotawanyika mbali kwenye matope wanasukumwa kuja kwako, na humo mna makundi ya ndege-kaa weupe na weusi ambao watu husafiri nchi kadhaa kuja kuwaona. Viatu vya mpira, si kandambili, tope linazivua. Gari liache juu kwenye ardhi ngumu.

Sabaki. Mdomo wa mto uko kaskazini ya mji. Mvua zikinyesha bara maji yake mekundu hupaka bahari rangi kwa masafa. Flamingo huja, ndege wa pwani ni wengi, lakini mto una mamba na viboko, kwa hiyo chukua kijana wa kijijini na msivuke maji hata yakionekana mafupi.

Marafa. Hii ndiyo pekee inayotembelewa jioni. Vuka daraja la Sabaki, kata kushoto, ni zaidi ya kilomita 30 kutoka Malindi. Fika kwa mjomba asubuhi, kaa naye mchana wote chini ya mti wake, na saa kumi mwende Nyari pamoja. Jina lina maana ya mahali palipovunjika penyewe. Ni korongo la mchanga na mawe laini ambalo mvua inazidi kulila: minara na kuta nyeupe, waridi, chungwa na nyekundu. Wazee husimulia tajiri aliyekuwa akiogea maziwa watu wakikosa maji ya kunywa, Mungu akaididimiza nyumba yake. Weupe ni maziwa, wekundu ni damu. Lipa ada kwa wenyeji wanaolisimamia, chukua mwelekezi, shukeni ndani taratibu. Mchana joto la chini ya korongo ni hatari kweli. Jioni upepo unashuka na kuta zinawaka rangi. Msisogelee kingo za juu, zinamegeka. Saa kumi na mbili kasorobo muwe mmepanda, na usiku huo ulale kwa mjomba, usirudi mjini gizani.

Hatua ya nane: unachobeba na unachobebeshwa

Kutoka bara leta vitu vya jikoni: viazi, kabichi, vitunguu, majani ya chai, sukari. Kwa bibi, leso. Soma jina lake, yaani ule msemo ulioandikwa, kabla ya kununua, maana atalisoma yeye na majirani. Zawadi mpe mwenye nyumba ndani, si hadharani. Na kama umelala siku mbili, siku ya tatu shika kazi: kuna nazi za kukuna, mtoto wa kupelekwa hospitali, tangi la kupandishwa. Gari lako ni msaada mkubwa kwa nyumba isiyokuwa na gari. Jitolee wewe kwanza.

Siku ya kuondoka, tenga asubuhi nzima. Osha chini ya gari kwa maji baridi matamu ili chumvi isianze kula bodi, rudisha upepo wa magurudumu, hesabu madumu. Halafu wataanza kuleta: gunia la nazi, mihogo, maembe, korosho, chupa ya achari, kikopo cha mabuyu. Ile nafasi uliyoiacha tupu ni ya hivi. Pokea vyote, kwa mikono miwili, uvifunge chini, siyo kitandani, breki moja ya ghafla inatosha gunia la nazi kukufikia kisogoni.

Mtu ataomba lifti hadi Kilifi. Kama vani yako imebaki na viti viwili vyenye mikanda, chukua mmoja anayepata mkanda, na wengine walipie nauli ya matatu. Wanaelewa ukisema mapema. Ukisema mlangoni, mizigo ikiwa imeshapandishwa, hawaelewi.

Shangazi sasa hunisindikiza hadi barabarani, mkono juu ya dirisha. Safari iliyopita aliuliza kitu kimoja tu: "Usiku wa kwanza mwakani, utalala upande gani wa uwanja? Nataka kupanda mchicha." Nikamwonyesha, chini ya mkwaju.